Modeli ya seti ya rola tatu za shambani: uzito ubebwe wapi, na isafirishwe vipi?

Swali, kutoka kwa Mjenzi wa Vidogo

Salaam kwenu, ndugu mafundi wa modeli.

Ninajenga modeli ya seti ya rola za shambani kwa uwiano wa 1:32, ile ambayo rola moja hutangulia katikati na nyingine mbili hufuata nyuma yake, moja kila upande, ili kuvunja mabonge na kukandamiza udongo juu ya mbegu. Mashine ninayoiiga ina upana wa kazi wa mita 6.1, na kila rola ni safu ya pete zilizovishwa kwenye mhimili mmoja, za chuma cha kusubu zenye mgongo uliochongoka katikati. Fremu ya kati nimekwisha kuikata kwa plastiki bapa, lakini nimekwama mahali pawili. Kwanza ni pete: kwa hesabu yangu nahitaji 84, yaani 28 kwa kila rola, na ninapozikata kwa mkono sipati mbili zinazolingana. Pili, nataka modeli ionyeshe mkao wa barabarani, mabawa (zile rola mbili za pembeni na fremu zake) yakiwa yamekunjwa, kisha niipeleke kwenye maonyesho ndani ya sanduku.

Modeli yangu ya kwanza ya namna hii niliitoa sandukuni nikakuta kipini cha bawa la kushoto kimepinda na pete tatu zimeachia gundi, ingawa safari ilikuwa ya saa mbili tu kwa gari. Ningependa kujua ninyi huanza na sehemu gani, na uzito mnaubebesha nini.

Jibu, kutoka kwa Mkerezaji

Ndugu Mjenzi, anza na mkao wa barabarani kabla hujagusa pete hata moja. Katika mkao wa shambani rola hubebwa na pete zake zenyewe, kwa hiyo fremu dhaifu haionekani. Lakini mabawa yakishakunjwa, pete zote huwa hewani na uzito wote huangukia magurudumu mawili, mkono wa kukokotea na bawaba za mabawa. Bila shaka kipini chako kilipinda kwa sababu kilitengenezwa kwa ajili ya kuzunguka, si kwa ajili ya kubeba.

Mashine halisi ilipitia njia hiyohiyo. Seti za zamani zilifunguliwa shambani na rola zikafungwa moja nyuma ya nyingine kama mabehewa, jambo lililomchukua mkulima muda na nguvu nyingi, na pete za chuma cha kusubu hazipendi barabara ngumu, kwa maana chuma hicho huvumilia kukandamizwa lakini hupasuka kikigongwa. Ndipo yakaja magurudumu ya barabarani na mikono ya haidroli, ambayo huinua mabawa na kuyalaza kwa urefu, mengine yakielekea nyuma na mengine mbele kandokando ya mkono wa kukokotea, kutegemea mtengenezaji.

Kwa vipimo vyako, kila rola ina upana wa mita 2.1, ambao kwa 1:32 ni milimita 65.6. Ukizipanga zote tatu unapata milimita 197, kisha unapunguza takriban milimita 3 kila upande, kwa sababu bawa lazima lipite kidogo juu ya njia ya rola ya kati ili pasibaki ukanda wa udongo usiokandamizwa. Hapo unafika kwenye milimita 191, na ndiyo ile mita 6.1 yako. Mabawa yakikunjwa upana unarudi kuwa ule wa rola ya kati pamoja na unene wa fremu, karibu milimita 70. Mpaka wa kawaida wa upana wa magari ya barabarani katika Umoja wa Ulaya ni mita 2.55, sawa na milimita 80 kwa uwiano wako, kwa hiyo ukizidi hapo jua kwamba bawaba umeiweka mbali mno.

Tahadhari moja ambayo wengi huisahau: mabawa yakilala nyuma, kitovu cha uzito huhama. Ukiyaweka magurudumu chini ya mhimili wa rola ya kati, modeli itainua mkono wake wa mbele na kukaa kwa mkia mara tu utakapoifungua kwenye trekta. Yasogeze nyuma mpaka mkono ubaki chini bila kushikwa, ukipima kwa pete halisi na si kwa makisio.

Jibu, kutoka kwa Tupa na Msasa

Kuhusu pete, mimi nimeacha kukata. Washa ya chuma, kile kisahani chenye tundu kinachowekwa chini ya nati, ya bolti ya M10 (yenye unene wa milimita 10) ina kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 2, na kwa 1:32 hiyo ni pete ya sentimita 64, inayokaribia sana pete kubwa ya inchi 24. Washa ya M8 ina kipenyo cha milimita 16, nayo inakupa sentimita 51, yaani ile ya inchi 20. Huzifunga kumi kumi kwenye bolti, naizungusha bolti kwa drili iliyobanwa mezani, kisha naziegemezea tupa laini. Kwa mgongo uliochongoka, kila washa huichonga peke yake kwa mshazari pande zote mbili, na kazi hiyo huchukua chini ya dakika moja ukishazoea. Vaa miwani, kwani vumbi la chuma hurukia macho.

Lakini ujue unachokichukua. Washa moja ya M10 ina uzito wa gramu 3.6 hivi, na kwa kuwa ni nyembamba kuliko pete zako utahitaji 33 kwa kila rola, 99 kwa jumla, na hizo peke yake ni gramu 350. Mashine halisi ya tani 3, ukiigawanya kwa 32 mara tatu, yaani kwa 32,768, inakupa gramu 92 tu. Modeli inazidi kwa sababu pete halisi ni mdomo mwembamba ulioshikwa na mikono michache, ilhali washa ni chuma kitupu toka tundu hadi ukingo. Kwa hiyo fremu ya plastiki bapa haitafaa. Tumia bomba la shaba la mraba na ulehemu viungo. Ukitaka kuibakiza fremu uliyokwisha kuikata, chagua pete za plastiki, kwani chuma ni kizito zaidi ya mara saba kuliko plastiki hiyo, au kereza pete moja nzuri, itengenezee kalibu ya mpira wa silikoni, na uzimimine zote kwa risini, ile plastiki ya majimaji inayoganda. Zitafanana kama mapacha.

Usizigandishe pete zote kwa gundi. Katika rola halisi kila pete huzunguka peke yake juu ya mhimili, ili mashine inapogeuka mwisho wa shamba pete za nje ziende mbio kuliko za ndani na udongo usichimbwe. Gandisha mbili za mwisho tu na uache nafasi ya unene wa karatasi. Zikitikiswa safarini zitacheza badala ya kupasuka.

Mjenzi wa Vidogo

Nawashukuru sana, wakuu. Nimeipima fremu yangu na kweli inabonyea hata kabla ya kuongezewa pete, kwa hiyo nitaijenga upya kwa shaba. Nina jambo moja zaidi: picha niliyo nayo inaonyesha pete nyembamba zenye meno kati ya pete laini. Je, hizo ni lazima, na rangi yake huwaje mashine inapokuwa barabarani?

Jibu, kutoka kwa Bi. Udongo Mwekundu

Mwanangu, hizo ni aina mbili zilizokutanishwa. William Crosskill wa Beverley, Uingereza, alipata hataza ya rola yake ya meno ya kuvunja mabonge mwaka 1841, na William Cambridge naye akapata ya pete zake zenye mgongo mwaka 1844. Watengenezaji wa baadaye walizichanganya: pete ya meno huwa na tundu kubwa kuliko mhimili, hivyo hupanda na kushuka kati ya pete mbili laini na kukwangua udongo ulionata. Kama picha yako inazo, ziweke, kwa maana bila hizo utakuwa umejenga mashine nyingine. Katika modeli tundu hilo kubwa litaifanya pete ya meno ining'inie chini kidogo kuliko jirani zake inapokuwa hewani, na hilo ndilo jicho la mtu anayeijua rola litakalolitafuta.

Rangi nayo ina mantiki yake. Pete mpya hupakwa rangi, lakini zikifanya kazi msimu mmoja rangi ya mgongoni huisha kabisa. Anza na kahawia ya kutu pande zote, nyunyiza vumbi la rangi ya udongo ndani ya mabonde, kisha sugua mgongo peke yake kwa risasi ya penseli laini mpaka ung'ae. Ulimi huo wa fedha, mwembamba kama uzi, ndio unaoonyesha kwamba rola imetoka shambani sasa hivi.

Kwa sanduku, wapo wanaotia sumaku sakafuni ili zishike pete za chuma. Mimi siafiki, kwa sababu gari likiruka shimo pete hubaki palepale na fremu ndiyo inayoruka, na mshtuko wote huishia kwenye bawaba. Shika fremu, si pete. Kata sponji ngumu yenye mifereji inayoupokea mkono wa kukokotea na mhimili wa magurudumu, uache pete zikae hewani kama zilivyo barabarani, na funika kwa karatasi laini ili sponji isinate kwenye rangi.

Mkerezaji

Nakubaliana na Bi. Udongo kuhusu sumaku. Naongeza kwamba vipini vya bawaba viwe vya kuchomoka: bomba la shaba lenye tundu linalopokea waya wa chuma wa milimita 1, ncha ikikunjwa kama kulabu. Unachomoa vipini viwili, kila bawa linalala kwenye chumba chake ndani ya sanduku, na ukifika unaunganisha kwa dakika mbili. Kama sehemu yoyote umeichapisha kwa plastiki ya PLA, ile ya printa za 3D, usiliache sanduku ndani ya gari lililofungwa juani, kwani plastiki hiyo huanza kulegea kwenye nyuzijoto 60 hivi, na fremu iliyobeba chuma itapinda kabla hujarudi.

Mjenzi wa Vidogo

Nimelehemu fremu ya kati jana usiku, na nikaitundikia pete 33 za washa kwa majaribio. Haikubonyea. Magurudumu nimeyasogeza nyuma milimita 14 ndipo mkono ukatulia chini ukiwa umefunguliwa kwenye trekta. Vipini vya kuchomoka ndivyo ninavyovikata leo.