Mjadala: Je, chai ya mitishamba iendelee kuuzwa kwa maneno "huongeza kinga ya mwili"?

Msomaji wa Vifungashio
Ndugu zangu, naomba tujadili jambo linalonikera kila niingiapo dukani. Pakiti ya mchaichai, tangawizi na mdalasini, ambayo zamani iliuzwa kama kiungo cha chai tu, siku hizi imeandikwa kwa herufi kubwa kwamba huongeza kinga ya mwili, na bei yake imepanda pamoja na herufi hizo. Tangu mwaka 2019, hapa Tanzania usimamizi wa chakula ulipohamishiwa Shirika la Viwango na dawa zikabaki kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, naona pakiti hizi zimekaa mpakani: zinauzwa kama chakula, lakini zinanunuliwa kama dawa. Je, mwuzaji aruhusiwe kuandika maneno hayo bila kuonyesha ushahidi? Mimi nasema asiruhusiwe. Sina ugomvi na chai yenyewe, kwani mchaichai naunywa kila asubuhi. Lakini mwarobaini nao tuliuamini kwa sababu ya jina lake, na bibi zetu walioutegemea walizika watoto wengi.

Bint Muheza
Ndugu Msomaji, ungeweza kusema yote uliyoyasema bila kuwagusa bibi zetu. Bibi yangu alizaa watoto tisa na kuwalea saba, katika kijiji ambacho zahanati ya karibu ilikuwa mwendo wa nusu siku kwa miguu. Wawili aliowazika hawakuuawa na mwarobaini. Waliuawa na umbali. Majani yale machungu ndiyo yaliyokuwepo, na aliyachemsha usiku kucha huku akilia. Wewe unayenunua mchaichai wa pakiti huna haki ya kumhukumu mwanamke aliyeuchuma nyuma ya nyumba yake.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku
Naomba turudi kwenye neno "kinga", maana ndilo lililoandikwa kwenye pakiti. Kinga ya mwili si ndoo ambayo mtu huijaza kwa vikombe. Ni kazi ya seli nyingi zinazosaidiana na kuzuiana, na kinga inayofanya kazi kupita kiasi huleta maradhi yake yenyewe, kama vile pumu na mzio. Vitamini C imechunguzwa kwa miongo mingi, na bado haikuwazuia watu wa kawaida kupata mafua. Kwa wale walioinywa kila siku ilipunguza kidogo tu muda wa kuugua. Ikiwa vitamini yenyewe imefika hapo, ndimu iliyochemshwa ndani ya sufuria kwa nusu saa, ambayo sehemu ya vitamini hiyo imekwisha kuharibiwa na moto, itaahidi nini zaidi? Tangawizi ina ushahidi mzuri wa kutuliza kichefuchefu, na hilo ningefurahi kuliona limeandikwa. Halafu kuna sukari: nimewaona wagonjwa wa kisukari wakinywa "chai ya kinga" yenye vijiko vinne.

Mzee wa Chumbageni
Nawasalimu wote. Mwanangu Muuguzi, nakuheshimu kwa kazi yako, lakini mnasahau upesi. Mwaka 2020 dunia nzima ilipojifungia kwa sababu ya korona, sisi tulipiga nyungu, tukanywa tangawizi, malimau na vitunguu saumu, na mwezi Aprili Serikali ikatuma ndege Madagaska kuleta kinywaji cha mmea wa pakanga (artemisia). Mimi nilikuwa na miaka sitini na minane, nilikohoa wiki mbili, nikajifukiza asubuhi na jioni, na leo ninaandika. Kwa nini kila kilicho cha asili yetu kidaiwe cheti, ilhali soda inauzwa bila kuulizwa inaongeza nini?

Muuguzi wa Zamu ya Usiku
Shikamoo, mzee wangu. Nafurahi kwamba ulipona. Ndege ilikwenda mwezi Mei. Aprili ndiyo mwezi ambao Rajoelina, Rais wa Madagaska wakati ule, alikizindua kinywaji kile. Kuhusu pakanga, historia yake inanipa mimi nguvu zaidi kuliko wewe. Profesa Tu Youyou wa China, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kugundua dawa ya malaria ndani ya mmea huo, aligundua kwamba joto la kuchemsha linaiharibu dawa, na hakufaulu mpaka alipoitoa kwa etha kwenye joto la chini. Shirika la Afya Duniani halipendekezi chai ya pakanga kwa malaria, kwa sababu kiasi cha dawa ndani ya kikombe ni kidogo na hubadilika kutoka shamba hadi shamba, na dozi hafifu huwafundisha vimelea kuizoea dawa. Dawa ya mseto tunayowapa watoto wetu inategemea mmea huohuo. Tukiuchezea kwenye birika, tutaipoteza.

Msomaji wa Vifungashio
Bint Muheza, nakuomba radhi kwa jinsi nilivyoandika, sikumhukumu mtu. Lakini Mzee ametaja "asili yetu", nami siwezi kulipita neno hilo. Mwarobaini si wa kwetu. Umetoka India na nchi jirani zake. Mlonge umetoka chini ya milima ya Himalaya, tangawizi na mchaichai vimetoka Asia, na karafuu imetoka visiwa vya Maluku. Tunatetea kwa jina la mababu miti ambayo mababu wengi hawakuijua.

Mpemba wa Kariakoo
Hapo umenigusa mimi. Karafuu ilifika Unguja na Pemba mwanzoni mwa karne ya 19, na Sayyid Said ndiye aliyelazimisha ipandwe kwa wingi, lakini waliopanda, waliopalilia, waliopanda juu ya mikarafuu na kuanguka, wengi wao watumwa, ni watu wetu. Mti uliomwagiliwa jasho la watu kwa karibu karne mbili, ni nani awezaye kuuita mgeni? Mama yangu anajua karafuu ngapi hutiwa kwenye chai ya mwenye jino bovu na ngapi kwenye chai ya mzazi. Elimu hiyo haikutoka Maluku.

Bint Muheza
Tena, Ndugu Msomaji, mbona hukuitaja choya, yaani rozela? Choya inahesabiwa kuwa mmea wa Afrika. Umeiacha kwa sababu inaharibu hoja yako. Mimi humchemshia mama mkwe wangu choya kila jioni, kwa kuwa ana presha, na inamsaidia.

Msomaji wa Vifungashio
Nimeiacha kwa kusahau, na ninakubali kwamba ni ya Afrika. Lakini swali langu lilihusu pakiti. Tumesahau kikombe cha Loliondo, dawa ya mti iliyotolewa na mchungaji mmoja? Ilikuwa 2010 au 2011, watu walilipa shilingi mia mbili, wakalala barabarani siku nyingi, na wako walioacha dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI.

Mzee wa Chumbageni
Ilikuwa 2011, ilikuwa Samunge, na ilikuwa shilingi 500. Nilikwenda mwenyewe na marehemu mke wangu, ambaye hospitali ilikuwa imeturudisha nyumbani. Mti ule unaitwa mugariga. Hakupona. Lakini mchungaji yule alimshika mkono na kumwombea, jambo ambalo hakuna aliyemfanyia kule tulikotoka, ambako aliambiwa habari za kifo chake ukumbini, mbele ya watu. Mnapouliza kwa nini watu wanakimbilia majani, anzieni hapo.

Muuguzi wa Zamu ya Usiku
Pole sana, mzee wangu. Nimelisoma hilo mara mbili, na sina la kulipinga.

Dada Bint Muheza, naomba niseme nawe kuhusu choya, maana hapo ndipo ninapohofu. Wewe una haki kuliko wote humu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010 ulihusisha watu 65, baadhi yao wakapewa vikombe vitatu vya choya kwa siku kwa wiki sita, na shinikizo lao la juu likashuka kwa takriban vipimo 7, wakati kwa waliopewa kinywaji cha kufananisha lilishuka kwa kipimo kimoja na kidogo. Choya inashusha presha kweli. Kwa sababu hiyo, mtu anayemeza vidonge vya presha na kunywa choya nyingi anaweza kushushwa mara mbili. Shangazi yangu alianguka msalani alfajiri akavunjika nyonga. Alikuwa akinywa vyote viwili, na daktari wake hakujua, kwa kuwa hakuna aliyeona chai kuwa jambo la kumwambia daktari. Kama pakiti ile ingeandikwa "hushusha shinikizo la damu, mwambie mfamasia wako" badala ya "huongeza kinga", shangazi angekuwa anatembea. Maneno ya uongo kwenye pakiti yameficha maneno ya kweli.

Mzee wa Chumbageni
Hilo la Muuguzi nimelielewa. Niliwahi kufanya kazi Amani, milimani, kwenye bustani iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na mikwinini ilikuwepo bado. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kwinini ilipokosa kufika kwa meli, askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, walinyweshwa maji machungu ya magome yaliyochemshwa, nayo yaliwafaa. Kwa hiyo sikubali mtu aniambie kwamba gome ni gome tu. Muhimbili tuna taasisi ya tiba asili, iliyoanza kama kitengo mwaka 1974, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tunayo tangu 2002. Pimeni basi, mwandike mlichokiona, nami nitakisoma.

Mpemba wa Kariakoo
Na mkishapima, mtaje pia nani aliyewaambia mpime nini. Karafuu za mama yangu zisije zikarudi kwetu ndani ya pakiti.

Bint Muheza
Muuguzi, mama mkwe wangu anameza vidonge viwili, kimoja asubuhi na kimoja usiku, na choya humpa glasi mbili kubwa saa moja jioni. Juzi alilalamika kizunguzungu alipoinuka kwenye mkeka, nami nikadhani ni njaa. Leo sikuichemsha. Kesho nitakwenda na vidonge pamoja na majani yenyewe kwa mfamasia, nimwonyeshe vyote. Kuhusu bibi yangu na mwarobaini, sijabadili neno hata moja.