Kebo moja yazima ofisi nzima, barua ya onyo naandikiwa mimi!

Wadau, naandika nikiwa kwenye matatu ya kwenda Embakasi, mikono bado inatetemeka kwa hasira.

Ijumaa iliyopita, mwisho wa mwezi, saa nne asubuhi, mtandao wa kampuni yetu hapa Industrial Area, ambao mimi ndiye fundi wake, ulilala chali. Ankara hazitoki, ghala haioni stoki, malori sita langoni, madereva wanapiga honi. Tulirudi hewani saa nane na nusu. Chanzo? Kijana wa mauzo alikuta ncha ya kebo inaning'inia chini ya meza, akaichomeka kwenye kiswichi (kisanduku cha kuunganisha kompyuta kwenye mtandao) kile kile ambako ncha ya pili ilikuwa tayari. Basi. Pakiti za data zikaanza kuzunguka na kujizidisha mpaka mtandao wote ukakabwa koo.

Simlaumu. Kinga ya kosa hilo mtaalamu wa mitandao Radia Perlman aliibuni mwaka 1985, mimi hata sijazaliwa! Imo ndani ya swichi zetu kubwa. Ingekuwa imewashwa, lingefungwa tundu moja tu na wangeumia watu wa mauzo peke yao. Nani aliizima, lini, hakuna ajuaye, maana kwetu mabadiliko hayaandikwi popote. Kiswichi chenyewe idara yao ilijinunulia Luthuli Avenue bila kutuambia.

Dakika kumi zingetosha kuipata kebo hiyo. Lakini hakuna mchoro wa mtandao, kebo hazina lebo, na paswadi ya swichi kuu iko kichwani mwa jamaa mmoja aliyekuwa safarini Kitui, simu haishiki. Ikabidi nichomoe kebo moja moja, ghorofa baada ya ghorofa, taa zinametameta kama disko, bosi nyuma yangu: "Bado?"

Na nilimwandikia mwezi wa pili! Niliomba siku mbili za kuchora mtandao na kuweka bakapu ya mipangilio ya swichi, paswadi zifungwe kwenye bahasha ndani ya sefu ya mhasibu, na mtu asiguse kitu mwisho wa mwezi. Jibu: "Kwani mtandao haufanyi kazi?"

Leo mkutanoni eti "hata Facebook ilianguka." Ndiyo, tarehe 4 Oktoba 2021, kwa takriban masaa sita, kwa amri moja iliyokosewa wakati wa matengenezo. Lakini kesho yake walieleza hadharani amri ile ilifanya nini, na kwa nini programu ya kuikagua haikuizuia. Sisi tulikaa saa nzima kutafuta wa kubebeshwa mzigo.

Mwenye paswadi hakuulizwa hata neno. Mimi nimepewa barua: "uzembe kazini." Nijibu kwa maandishi kabla ya Jumatatu saa nne. Ile barua pepe ya mwezi wa pili ninayo. Niiambatanishe, nakala kwa mkurugenzi, au nitakuwa nimejichimbia kaburi? Aliyewahi kujibu barua ya namna hii anisaidie. Na mwenye kujua wanaotafuta fundi wa mtandao, inboksi iko wazi.