Naombeni ushauri: hela ya viti mwendo imelipa mishahara, ripoti ni Ijumaa

Mweka Hazina: Habari zenu wakuu. Ni mweka hazina wa kujitolea wa shirika la kusaidia watu wenye ulemavu. Mfadhili alitoa hela ya viti mwendo, mishahara ya wahudumu ikawa imechelewa miezi miwili, tukalipia. Niandikeje ripoti isilete taharuki?

Fundi Vitabu: Mkataba unasemaje? Bodi iliidhinisha?

Mama Pacha: Wahudumu walipwe jamani! Mwanangu ana mtindio wa ubongo. Mhudumu wake alipoacha kazi, wiki tatu mtoto hakubali kulishwa na mtu mwingine.

Mweka Hazina: Mkataba ni viti tu. Bodi haikukaa. Mkurugenzi alisema tutarudisha ruzuku nyingine ikiingia.

Fundi Vitabu: Hundi si zina sahihi mbili? Ya pili ya nani?

Mweka Hazina: Yangu. Nasafiri sana, nilisaini kitabu kizima hundi zikiwa tupu. Na mkurugenzi ni shemeji yangu. Lakini hakuna aliyekula hata senti!

Mzee wa Ushirika: Undugu na hesabu ni moto na petroli. Sisi mweka hazina alikuwa mpwa wangu, mpaka leo hatusalimiani.

Magurudumu: Natumia kiti mwendo. Kwenye bodi yenu yupo mwenye ulemavu hata mmoja? Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa 2006, kifungu cha 4, unazitaka serikali zitushirikishe kwenye maamuzi yanayotuhusu. Nyie mnaoombea hela kwa jina letu je?

Shoka: Chai hii. Mweka hazina gani anasaini hundi tupu? Na ukibanwa unapotea.

Mweka Hazina: Si chai. Nilikuwa naongea na mama mmoja kwenye simu. Mwanawe tulimpima kwa ajili ya kiti: upana wa nyonga, na paja mpaka nyuma ya goti. Vipimo viko kwenye faili langu na mtoto anazidi kukua.

Fundi Vitabu: Basi mwambie mwenyekiti leo, aitishe bodi, mfadhili aandikiwe kabla ya Ijumaa: kiasi gani, kimelipa nini, kitarudi vipi. Wapo wanaokubali kubadili matumizi wakiambiwa mapema. Hundi zilizobaki zifutwe. Undugu wenu uingie kwenye muhtasari wa kikao.

Mweka Hazina: Shemeji ameshaandika ripoti. Inasema viti "vimeagizwa". Imebaki sahihi yangu, na nilishamwambia sawa.

Mama Pacha: Kaka, nilisema wahudumu walipwe. Sikusema yule mama adanganywe. Usisaini.