Wakuu msaada: karavani yangu ya kwanza inanitesa, friji haipozi, taa zinafifia, barabarani inayumba, na Jumamosi natakiwa Kigoma

Mrina Asali
Heshima kwenu wakuu. Mwezi uliopita nimejichanga nikanunua karavani, lile trela la kulala lenye kitanda, jiko, friji na choo humo humo, la mkononi, toka kwa mzungu mmoja Muingereza aliyekuwa anafunga mradi wake anarudi kwao. Lengo langu msimu wa kurina niwe nalala humo kule porini Sikonge badala ya kulala chini ya turubai, na nikipeleka asali mjini nilale kwangu maana gesti zimenichosha.

Sasa tangu nimelichukua sijapata raha. Mvua ya juzi maji yamedondokea kwenye mto wa kulalia pale pale kichwani, yaani niliamka nikadhani mtoto kakojoa nikakumbuka sijaja na mtoto. Friji inanguruma kidogo haipozi, soda inatoka ya moto kuliko ilivyoingia. Taa zilikuwa zinawaka vizuri siku mbili za kwanza sasa zinafifia kama kibatari. Pampu ya maji usiku inajiwasha yenyewe trrr inakaa kimya tena trrr. Na barabarani nikifika 60 linaanza kuchezesha mkia.

Navuta na Prado, nguvu ipo. Jumamosi natakiwa Kigoma kuna mteja ananisubiri. Naomba kujua silikoni gani nzuri ya kuziba paa na hiyo friji nifanyeje. Mengine nitapambana nayo.

Kijana wa Cheyo
Mnyamwezi anaomba ushauri wa kuvuta mzigo?? Babu zako walibeba pembe za ndovu kichwani toka huko Ujiji hadi Bagamoyo kwa miguu, hiyo ndio ilikuwa karavani, wewe una Prado unalia. Shusha hilo trela ubebe kichwani mkuu usituaibishe.

Fundi Grisi
Mkuu nakujibu ulivyouliza. Friji za hivyo vitu nyingi sio za compressor kama ya nyumbani, zinapooza kwa kuchemshwa, ndio, kuna moto nyuma unachemsha amonia inazunguka yenyewe, kwa hiyo zinatumia gesi au umeme na LAZIMA trela lisimame levo. Ukipaki limeinama amonia haizunguki friji haipozi. Chukua pima maji ya fundi mwashi weka ndani ya friji, kama imelala upande inyooshe kwa jeki halafu subiri, hizo zinachukua masaa mengi hadi kupoa usitegemee dakika 20.

Paa usikimbilie silikoni. Ukipaka juu ya gundi ya zamani inabanduka na baadae hakuna kitu kitashika hapo. Panda juu (kanyaga ubao usikanyage paa moja kwa moja) kagua kuzunguka ule mfuniko wa hewa na kwenye kona, kwangua ile ya zamani yote, safisha kwa spiriti, ndio upake gundi ya mabati inayobaki laini. Na ubonyeze ukuta wa ndani kwa kidole gumba, ukiona unadidimia kama mkate ujue mbao zimeshaoza hapo sio gundi tena.

Pampu inajiwasha usiku na bomba zote umefunga maana yake presha inashuka, kuna sehemu inavuja. Pita na tochi chini ya sinki na nyuma ya choo.

Ila swali langu ni la kuyumba, umelipita haraka sana. Umepakia nini na umepakia wapi?

Mama Migebuka
Mie nisichoelewa mtu ananunua nyumba ya kukokota wakati ya kwake ya kusimama labda haina hata ceiling board. Kaka yangu mwaka wa nyuma alinunua boti ya fiber eti atakuwa anapeleka watalii Gombe, trela la kuishushia ziwani likazama kwenye mchanga pale Kibirizi na maji yakaingia kwenye beringi, hajalitoa mpaka leo watoto wanaanikia dagaa juu yake. Mke wako anasemaje kuhusu hilo trela? Maana wanaume mnapenda kushauriwa na watu msiowajua kuliko mliolala nao.

Mrina Asali
Asante Fundi Grisi kwa ya friji. Mzigo ni wa kawaida tu, vitu vya kulalia na vifaa vya kazi. Nadhani ni upepo, kuanzia Usoke kwenda Urambo pako wazi sana.

Mama Migebuka nyumba yangu ina ceiling board.

Fundi Grisi
Usoke hakuna upepo wa kuyumbisha trela mkuu. Vifaa gani?

Mrina Asali
Mizinga mitano ya mbao ya maonyesho, mashine ya kukamulia, na madumu kadhaa ya asali ya mteja. Nimeyapanga nyuma kabisa chini ya kitanda maana ndio kuna nafasi.

Fundi Grisi
Madumu kadhaa ni mangapi?

Mrina Asali
Kumi na mbili. Ya lita 20.

Fundi Grisi
Asali sio maji kaka!! Lita moja ya asali ni kilo 1.4 hivi, dumu moja karibu kilo 28, mara 12 ni kilo 330 na kitu, zote umeziweka mkiani. Trela linatakiwa liegemee gari kwa mbele, katika uzito wake wote asilimia 10 hadi 15 ikae kwenye ile ndoano. Ukijaza nyuma pua inanyanyuka, mkia unaongoza, hapo ndio unaona linacheza kama samaki. Na likianza kucheza watu wanakanyaga breki, ndio linakupindua. Toa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani umenyooka, liache litulie lenyewe. Madumu yote yasogeze juu ya ekseli na mbele kidogo leo leo.

Kapteni Mstaafu
Vijana mnakata tamaa mapema. Ile meli ya MV Liemba Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916 karibu na mdomo wa Malagarasi isichukuliwe na adui, lakini kabla hawajaizamisha mafundi wakapaka injini grisi nzito kila mahali. Imekaa chini ya maji miaka, Waingereza wakaiibua 1924, mwaka 1927 ikarudi kazini, injini nzima. Nimeipanda nikiwa kijana nikaenda nayo hadi Kasanga, kitanda changu kilikuwa juu ya gunia la dagaa. Nachosema ni grisi. Umepaka grisi beringi za hilo trela? Ukitembea kilomita 30 simama, gusa katikati ya gurudumu kwa mgongo wa mkono, kama linaunguza usiendelee.

Mrina Asali
Kapteni nimegusa ni vuguvugu tu. Madumu nitayasogeza ila sio yote maana mbele kuna jiko.

Kitu kingine wakuu kinanisumbua, nikipita matuta au nikiondoka kunagonga. Ngo ngo. Pale pale linapoungana na gari. Ila nimeshalitatua kwa muda kwa hiyo sio tatizo kubwa.

Binti Kaliua
Umelitatua vipi?

Mrina Asali
Nimeweka kitu katikati kuondoa mlegeo.

Binti Kaliua
Kitu gani?

Mrina Asali
Tyubu ya baiskeli. Nimeikata nikaikunja mara tatu nikaivalisha juu ya kile kichwa cha mviringo cha kuvutia, halafu mdomo wa trela ukakaa juu yake. Sasa hivi imetulia kabisa haigongi.

Kijana wa Cheyo
😂😂😂😂 nimemwaga chai

Fundi Grisi
Nilikuwa nakula nimeacha.

Nenda kwenye gari sasa hivi na tochi. Juu ya mdomo wa trela kuna maandishi yamegandamizwa kwenye chuma, na juu ya kichwa cha mviringo nako yapo. Niandikie ulivyoyaona, usifupishe.

Mzee wa Stesheni
Wakuu mimi nimeweka kambi humu tangu asubuhi nasoma kimya ila hii naona ni CHAI na ina tangawizi. Kwanza tyubu ya baiskeli, haya. Lakini nimefanya kazi na wazungu wa kila aina. Karavani ya Uingereza mlango unakuwa upande wa KUSHOTO, maana kwao wanaendesha kushoto kama sisi, mtu ashukie pembeni. Mtoa mada kule kwenye ule uzi wako wa wiki iliyopita wa "bodaboda nusura wanigonge" umeandika mwenyewe kwamba ukifungua mlango unashukia katikati ya barabara. Muingereza gani huyo anashusha watoto wake katikati ya lami? Hakuna karavani hapa. Huyu katunga, yuko gesti anakunywa soda ya moto.

Mama Migebuka
Mimi nilihisi tangu mwanzo. Na mke hajajibiwa.

Kijana wa Cheyo
Mods futeni uzi. Au uachwe mpaka jioni kwanza.

Binti Kaliua
Sio chai jamani, hilo dude nimeliona kwa macho yangu. Limepaki kwa mama mmoja hapa mtaani kwetu tangu juzi, jeupe lina mstari wa kahawia, limechomekwa waya kupitia dirisha la jikoni. Mlango kweli uko kulia.

Mrina Asali
Ndio nipo Kaliua kwa mama mkwe.

Maandishi ni haya. Kwenye gari 50 mm. Kwenye trela 2-5/16.

Na jamani nisemehe, sio la Uingereza. Ni la Marekani. Nilijua. Kuna kibandiko ndani ya kabati. Nilisema Uingereza kwa sababu ukisema Marekani watu wanasema spea hazipatikani, na mimi mpango wangu likinishinda niliuze humu humu.

Fundi Grisi
Nashusha pumzi.

Hizo mbili na tano kwa kumi na sita ni inchi, ni milimita 59 karibu. Kichwa chako ni 50. Una pengo la milimita tisa umeziba kwa tyubu. Hapo limekaa tu halijashikwa na chochote, shimo moja la kutosha linaruka, na likiruka kabla ya daraja la Malagarasi sitaki hata kuwaza. Usiliondoe hapo lilipo. Kichwa cha saizi hiyo kinaagizwa, au mdomo unabadilishwa na mchomeleaji anayejua anachokifanya, sio wa madirisha.

Pili. Kama ni la Marekani breki zake ni za umeme, zinasubiri amri toka kwenye kiboksi ndani ya gari. Prado yako unacho?

Mrina Asali
Waya za taa tu ndio tumeunga.

Fundi Grisi
Kwa hiyo trela halina breki hata moja.

Tatu. Soma kibandiko cha umeme.

Mrina Asali
120V 60Hz.

Fundi Grisi
Na kwa mama mkwe umechomeka wapi?

Mrina Asali
Ukutani. Nilikata ile plagi yake nikaunga ya pini tatu. Kulitokea harufu kidogo siku ya kwanza ikaisha.

Fundi Grisi
Harufu iliisha kwa sababu kilichokuwa kinaungua kilimaliza kuungua. Huku kwetu ukutani ni 230. Kuna kifaa ndani kinabadilisha umeme wa ukutani kuwa volti 12, ndio kinachaji betri, hicho kimekufa, kwa hiyo siku zote taa zilikuwa zinakula betri peke yake mpaka ikaisha, ndio kibatari chako hicho. Waya wa kuchemshia wa friji ukiupa volti karibu mara mbili unavuta moto karibu mara nne, nao umekwenda. Levo niliyokwambia futa, haikuwa levo. Kile kinachonguruma ni kifeni.

Chomoa. Usinunue transfoma kwanza, kwa matumizi yako ya porini nunua chaja ya betri ya kawaida ya 230 utoe volti 12, taa na pampu zitafanya kazi. Friji jaribu gesi, ila regyuleta yake haiingiliani na mitungi yetu usilazimishe mpira kwa waya wa kufungia nyasi, nakujua sasa. Ukiunga paka povu la sabuni kwenye maungio, ukiona mapovu yanakua funga.

Kapteni Mstaafu
Pamoja na hayo angalia tairi. Pembeni zina tarakimu nne, mbili za kwanza wiki, mbili za mwisho mwaka. Trela likikaa sana linazeesha tairi bila kutembea, kama baharia.

Mrina Asali
1411.

Kapteni Mstaafu
Wiki ya 14 mwaka 2011. Mwanangu.

Mrina Asali
Nawasikia wakuu lakini naombeni mnielewe na mimi. Advansi ya mteja nimeshaipokea na ndio iliyomalizia hela ya trela. Kutoka Tabora mpaka hapa limefika salama, kilomita zaidi ya mia. Nikitembea 40 usiku kukiwa hamna magari nikafunga na mnyororo, kuna ubaya gani? Nabadilisha tyubu naweka mpya ya pikipiki ambayo ni nene.

Mzee wa Stesheni
Naomba radhi niliyesema chai. Hii ni kweli kabisa, mtu hawezi kutunga ujinga wa namna hii.

Binti Kaliua
Kaka, treni inapita hapa hapa Kaliua kwenda Kigoma. Madumu 12 pakia kama mzigo, wewe panda na daftari lako, trela liache chini ya muembe. Mama mkwe ameshazoea, jana kaanika mihogo juu ya ule mlingoti wa mbele.

Mama Migebuka
Na mkeo?

Mrina Asali
Yupo hapa anasoma pamoja na mimi. Alisema tangu siku ya kwanza.

Mrina Asali
Wakuu mrejesho. Nimelichomoa umeme, nimeliweka kwenye mawe. Shemeji yangu amenisaidia kulinyanyua kwa jeki kutoka kwenye gari. Ile tyubu ilikuwa imeshakatika vipande viwili, kimoja kimebaki kichwani kingine kimesagika kimekuwa kama ugoro mweusi. Tulivyonyanyua haikuhitaji hata kufungua loki, lilitoka tu.

Nimeulizia stesheni habari ya mzigo.

Kijana wa Cheyo
Ugoro 😂

Dereva wa Mwanga
Mkuu nipo Kigoma, huyo mteja wako kachukua dumu zote 12 au kuna ya ziada? Asali ya miombo ile nyeusi? Bei gani lita?