Watanzania mnaoshangilia Taifa Stars kufungwa, hivi mna matatizo gani?

Wakuu, mbukwenyi.

Nimelala saa nane usiku na nimeamka na hasira ileile, kwa hiyo salamu ndefu tutapeana siku nyingine.

Jana Ijumaa, Agosti 22, 2025, nilikuwa kwenye kibanda umiza kimoja huku Chang'ombe, Dodoma, kuangalia robo fainali ya CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, sisi na Morocco. Kiingilio huwa sh. 500, jana mwenye kibanda akapandisha hadi 1,000 maana watu walijaa mpaka mlangoni. Nikalipa bila kubisha. Stars hawajawahi kuvuka makundi kwenye mashindano haya, safari hii wamevuka, halafu mechi iko nyumbani, uwanja wa Mkapa. Nani angelilia buku?

Kipindi cha pili Morocco wanafunga. Lamlioui. Mimi nimeshika kichwa, nyuma yangu benchi zima limeruka. Sisemi mtu mmoja, benchi zima! Yale mabenchi ni mbao tu zimelazwa juu ya tofali, waliporuka kwa pamoja mbao ikapinduka na maji ya mtu yakamwagika mgongoni kwangu. Nikageuka nikidhani labda mshika kibendera ameonyesha kuotea, ndiyo maana wanafurahi. Wapi! Bao limekubaliwa, na kijana mmoja mwenye jezi ya Stars, mpya kabisa, mikunjo ya mfuko bado inaonekana kifuani, anakata viuno.

Nikamuuliza, "Dogo, hiyo jezi umeazima?"

Akanijibu huku anacheka, "Tulia kaka, acha wapigwe. Timu yenyewe ya Utopolo hiyo." Utopolo ndiyo Yanga kwa lugha ya wapinzani wao.

Ingekuwa Casablanca nisingesema neno. Hapa ni Dodoma, makao makuu ya nchi, Bunge liko hapo mjini. Na wenzangu wale sio wageni. Wanafunzi wa UDOM walikuwepo, watumishi wa serikali wa Mtumba walikuwepo na vitambulisho vyao shingoni, bodaboda walikuwepo, wauza zabibu wa stendi walikuwepo. Nchi nzima ilikuwa mle ndani, na karibu nusu ya nchi ilikuwa inaishangilia Morocco.

Wala halikuanza jana. Nimeangalia mechi zote za Stars za CHAN hii palepale, nimeliona likikua. Tulicheza na Mauritania, mechi ngumu, sare ikawa inanukia, dakika ya 89 Kapombe akafunga. Nusu ya kibanda ikawa juu, nusu nyingine imekaa inachezea simu. Kapombe ni wa Simba. Siku tatu baadaye Madagascar, Mzize akapiga mbili, tukashinda 2-1. Waliokuwa wamekaa siku ile wakawa juu, na waliokuwa juu wakakumbuka ghafla kwamba wana meseji za kujibu. Mzize ni wa Yanga. Bao la nchi linagawanywa kama mbuzi wa mnadani Msalato, huyu achukue paja, yule abaki na mbavu.

Na kichekesho ni hiki. Jana baada ya filimbi upande mmoja unasema kocha kajaza Makolo, yaani Simba, ndiyo maana tumefungwa, upande mwingine unasema kajaza Utopolo. Kikosi ni kilekile kimoja! CHAN ni ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani kwao, sasa mlitaka Hemed Suleiman awatoe wapi kama si Simba, Yanga na Azam? Awachukue waliopo Ubelgiji? (Kocha wetu huyo wa CHAN hii jina lake la utani ni Morocco. Labda ndicho kilichowachanganya wengine, sijui.)

Wapo wa mkeka, wanaobeti, hao nawatenga. Kijana mmoja wa bodaboda alinionyesha simu kabisa, alikuwa na mechi saba, sita zimetiki, imebaki Morocco ashinde. Alishangilia kwa aibu, kichwa ameinamisha, halafu akaja kuniomba radhi kwa yale maji ambayo wala hakuyamwaga yeye. Huyo ana njaa, na njaa haina bendera. Ninaowasema ni wale ambao hawakuweka hata mia, hawamjui mchezaji hata mmoja wa Morocco, wala hawajui Rabat iko wapi. Wanachojua ni kwamba fulani wa timu pinzani akifungwa akiwa na jezi ya taifa, Jumatatu watapata cha kumcheka nacho jirani.

Msije hapa na hoja ya "mbona tunashabikia Brazil na Argentina". Shabikieni. Mimi Qatar 2022 niliishangilia Morocco hiihii dhidi ya Ureno mpaka sauti ikakauka, maana hakuna timu ya Afrika iliyokuwa imewahi kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Mwaka 2010 Suárez alipoizuia Ghana kwa mkono na Gyan akagonga mwamba kwa ile penalti, kuna watu huku Dodoma hawakula usiku ule. Kumpenda mgeni wakati wewe mwenyewe hupo uwanjani, ruksa. Mimi naongelea siku ambayo upo.

Sasa niwaambie kilichonichoma hasa, maana bao ni bao na nimeshazoea kufungwa.

Kibandani pale kuna fundi cherehani mmoja, mtu mzima, anaitwa Fundi tu. Baba yake alivuka ziwa kutoka Kongo, Fundi mwenyewe kazaliwa Ujiji, Dodoma yuko miaka ishirini na kitu, Kigogo anakiongea kunishinda mimi niliyezaliwa Kikuyu, hapahapa Dodoma. Bendera ya Tanzania iliyotundikwa juu ya televisheni pale kaishona yeye, bila kulipwa hata senti. Mara ya kwanza aliikosea, akaweka bluu juu na kijani chini, watu wakamcheka, akaenda kuifumua yote usiku huohuo. Asubuhi akairudisha na ile mistari myembamba ya njano imenyooka kama imepigwa rula.

Januari 24, 2024, AFCON ya Ivory Coast, tunacheza na DRC mechi ya mwisho ya kundi, saa tano usiku kwa saa zetu. Sisi tunahitaji kushinda. Fundi kaingia na kofia yake ya Stars. Mnajua walichomfanya? "Fundi, leo kaa kule kwa Wakongo wenzako." Wakamsogezea stuli kwenye kona peke yake kama mtoto aliyefukuzwa darasani. Wengine walicheka, na mimi nilicheka, sitaki kudanganya. Mechi ikaisha 0-0. Kongo wakapita kwa sare tatu, sisi tukaburuta mkia na pointi zetu mbili. Watu wakamgeukia: "Mkongo umefurahi eeh?" Mmoja akamwambia aende Uhamiaji wakamkague.

Nilimuuliza kesho yake nikipeleka suruali kupunguzwa, ile usiku moyo wako ulikuwa wapi hasa? Hakukasirika. Alisema, "Mdogo wangu, nilitaka wote wapite. Hesabu ikakataa." Akaendelea kukanyaga cherehani.

Mtu huyo ndiye mliyemwita msaliti. Ana sababu mbili za kupasuka moyo na bado anakaa na kofia ya Stars mpaka mwisho. Wenzetu duniani wanaishi na hilo bila kufukuzana. Iñaki Williams anachezea Ghana, mdogo wake Nico anachezea Hispania, tumbo moja. Ndugu wawili, akina Boateng, walikutana uwanjani mwaka 2010, mmoja Ujerumani mmoja Ghana. Mama zao hawakuambiwa wakakae kwenye kona.

Basi wale waliomweka Fundi kwenye kona ndio walioruka jana. Nimewahesabu. Yule aliyemtaja Uhamiaji ndiye aliyekuwa amesimama juu ya tofali anapunga shati hewani, na shati lilipoikwangua bendera, kona moja ikang'oka kwenye msumari ikabaki inaning'inia mbele ya kioo. Mkaanza kupiga kelele "Toeni hilo tambara, hatuoni!" Tambara! Aliyepanda kuirudishia ni Fundi, na alipanda kimya, miguu inamtetemeka kwa umri.

Na haohao Januari mwaka huu walikuwa wazalendo namba moja. Mnakumbuka wachezaji watatu wa Singida Black Stars, Keyekeh wa Ghana, Bada wa Ivory Coast na Damaro Camara wa Guinea, walipopewa uraia? Singida ni hapo tu jirani, habari iliwaka huku kuliko hata Dar. Kibanda kizima kilikuwa kinalia kwamba nchi imeuzwa, kwamba Stars sasa itakuwa ya wageni. Niliwaeleza nikachoka: kanuni za FIFA zinataka mtu asiye na damu ya nchi, aliyehamia akiwa mtu mzima, aishi humo miaka mitano ndipo aichezee. Hakuna anayeruka kutoka kaunta ya Uhamiaji hadi kambi ya Stars. Hawakutaka kusikia. Lakini angalieni wale watatu wamefanya nini: sheria yetu hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha, kwa hiyo kuchukua wa kwetu ni kuachia wa kwao. Mjadiliane mnavyotaka kama utaratibu ulifuatwa au haukufuatwa, mimi hilo simo. Ila wao wameachia kitu. Yule mpunga shati, aliyeupata uraia wake bila kupanga foleni, ameachia nini?

Kuna mzee mmoja huwa anauza kahawa nje ya kibanda, yeye haingii, anasikiliza kelele tu na kukisia matokeo. Jana aliposikia ule mlipuko akamimina kahawa ya bure kwa watu wawili, akidhani tumefunga. Mzee huyu ni wa kizazi cha bao la Peter Tino kule Ndola mwaka 1979, lililotupeleka Lagos 1980. Baada ya hapo alisubiri miaka 39 kutuona tena AFCON, mpaka 2019. Nilipotoka akaniuliza, "Nani kafunga?" Nikamwambia Morocco. Akauliza tena, akidhani hajanisikia.

NYONGEZA, saa kumi jioni:

Naona mmenijaa. Wengi mnauliza mimi timu gani. Ni Yanga, tangu utoto, na sijifichi.

Kuna aliyeandika kwamba Mei 25 mwaka huu alikuwa pale kibandani akaniona. Ni kweli. Simba walikuwa Amaan, Zanzibar, fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika na RS Berkane, wanatafuta kupindua 2-0 za kule Morocco. Walipoongoza nikanyamaza. Berkane waliposawazisha mwishoni kabisa, nilinunua soda kreti nzima. Ndiyo, timu ya Morocco. Ndiyo, kibanda kilekile. Najitetea kwamba klabu sio taifa, na kwamba 2023 USM Alger walipotunyang'anya kombe kwa mabao ya ugenini, jirani yangu wa Simba alipika pilau. Ila nikiwa mkweli, yule dogo wa jezi mpya alikuwepo siku ya soda. Nilimpa chupa mimi mwenyewe kwa mkono wangu. Alikuwa anacheza vilevile.

Mwingine anasema Dodoma hatuna la kusema kuhusu uaminifu, maana Dodoma Jiji wakicheza Jamhuri na Simba au Yanga, uwanja mzima ni wa wageni. Hiyo siibishii. Nimekuwa mmoja wa hao wageni, nyumbani kwangu.

Anayesema "ni utani tu, usikuze mambo": mchana huu nimepita kwa Fundi kumpa pole. Nimewakuta wawili wa jana wamemsimamia, wanacheka. Mapema mwezi ujao Stars wanaenda Brazzaville kucheza na Congo, kufuzu Kombe la Dunia, na wameshaanza: "Fundi, Septemba tukuwekee stuli yako?" Fundi akawaeleza taratibu kwamba Brazzaville ni nchi nyingine, ng'ambo ya mto, baba yake hakuwahi hata kufika.

Wakamwambia Kongo ni Kongo.