Naomba ushauri: boti ndogo yenye kibanda kwa uvuvi wa familia

Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri kabla sijatoa pesa. Natafuta boti ya faiba yenye kibanda cha nahodha, ya kuvulia karibu na pwani na mke wangu na watoto wawili, wa miaka 6 na 9. Sasa tuna boti ya wazi. Safari iliyopita mdogo alirushiwa maji njia nzima mpaka midomo ikawa inamtetemeka. Nilimfunika koti langu, lakini nikaapa harudi baharini bila mahali pa kujikinga.

Nimeona mbili. Ya kwanza ina mita 5.5, kibanda kirefu kwenda juu, na nyuma pa kuvulia ni finyu. Nahofia kibanda hicho kitashika upepo kama tanga tukizima mashine. Ya pili ina mita 6.5 na tumbo lenye umbo la V kali, kwa hiyo inakata mawimbi vizuri, ingawa najua boti za namna hiyo huyumba zaidi zikisimama. Sitaha yake hutoa maji yenyewe, na kwangu hilo ni jambo kubwa.

Ila nilipogongagonga ubao wa nyuma unaobeba mashine, upande mmoja ulitoa mlio mzito, tofauti kabisa na mwingine, kama mbao za ndani zimelowa. Je, hapo panatengenezeka, au niachane nayo? Na mashine ndogo ya akiba, mnaiona ya lazima? Natanguliza shukrani.