Nyigu wa uwanjani

Mama Zuhura: Jamani huku uwanjani kuna nyigu wanachimba chini, vishimo kibao na udongo wameutupa pembeni. Watoto wanacheza hapohapo. Nimemwambia Juma alete petroli amwagie leo hiihii

Juma: Ishafika mama

Mjomba Rashidi: Dada ngoja kwanza msimwage kitu!! Zuhura tuma picha

Zuhura: 📷 Shikamoo mjomba. Ni mkubwa, mweusi, kiuno chembambaa, tumbo lina rangi ya chungwa

Mjomba Rashidi: Marahaba. Sasa kaa kwa mbali uangalie shimo moja tu. Ukiona nyigu wengi wanaingia na kutoka mfululizo, hao wana malkia na wanalinda kiota, ukiwachokoza wanakutokea wote, hapo hata mimi natoka mbio. Ila kama kila shimo lina nyigu wake mmoja basi ni wale wa kujitegemea

Zuhura: Mmoja mmoja. Na huyu kaja na panzi!! Panzi mkubwa kumshinda, anamburuta huku kamshika vipapasio vya kichwani kwa meno

Mjomba Rashidi: Safi, huyo yuko kundi la Sphex, nyigu wachimbaji wanaowinda panzi. Angalia sasa, atamwacha panzi mlangoni aingie peke yake kukagua, halafu ndo amvute ndani

Zuhura: Eeeh kweli kaingia!! Panzi yuko hai lakini, vipapasio vinacheza

Mjomba Rashidi: Hajafa, kapoozwa kwa mwiba. Akiuawa ataoza, huyu anabaki fresh, yai linatagwa juu yake, buu likitoka linamla taratibu. Yeye mama mtu chakula chake ni maji matamu ya maua. Wengine wanabeba viwavi, wengine nzi, kuna hadi wanaowinda nyuki, ndo maana kujua kabeba nini kunasaidia kumtambua

Shangazi Mwajuma: Subhanallah. Mbona wengi hivyo kama kila mtu na lake?

Mjomba Rashidi: Wote wamependa udongo huohuo mkavu wa kichanga usio na majani, basi. Dume hana mwiba kabisa na jike hakuumi mpaka umkanyage au umshike, watoto wavae viatu tu

Zuhura: Mjomba kuna mwingine anazunguka zunguka tu, nilisogeza ndoo iliyokuwa karibu na shimo lake

Mjomba Rashidi: Umempoteza huyo 😂 wanakariri vitu vilivyo jirani na shimo. Kulikuwa na mtaalamu Niko Tinbergen, Mholanzi, aliwapangia wale wawinda nyuki duara la matunda makavu ya misonobari kuzunguka shimo, nyigu alipoenda kuwinda Tinbergen akalihamishia duara pembeni, nyigu aliporudi akatua katikati ya duara akawa anatafuta mlango haupo. Huyo bwana 1973 alipata Nobel pamoja na wenzake wawili kwa kuchunguza tabia za wanyama. Rudisha ndoo

Zuhura: Nimerudisha. Kaingia 😭😭

Mama Zuhura: Haya petroli tumeacha. Ila nikitaka wahame?

Mjomba Rashidi: Mwagilia maji udongo ukae na unyevu, panda majani paote. Au waache, baada ya wiki kadhaa wakubwa wanaisha wenyewe, mabuu ndo yanabaki chini

Zuhura: Kwa hiyo chini ya kiti cha bibi saa hizi kuna mabuu yanakula panzi 😂

Bibi: Juma njoo uniondolee hicho kiti